Nusu Kidonge Kwenye Kisosi

Ni mwaka mmoja sasa tangu baiskeli yako ilipoegemezwa ukutani, Obore, kamba za mayai zikiwa bado zimefungwa nyuma. Hakuna anayeipanda. Binti yako Apolot huifuta vumbi tu, basi.

Ulibeba trei za mayai kutoka Mukuju mpaka Busia, ukavuka upande wa Kenya na kurudi. Wenzako walikutania, "Huyu hata akianguka, mayai yanabaki hewani." Wa kwanza kucheka ulikuwa wewe. Hukujua kula peke yako. Hata ulipokuta kipande kimoja cha muhogo jikoni, ulikimega ugawe.

Na dawa hukuificha. Kila jioni ulimeza kidonge chako kimoja, chenye dawa tatu ndani, mbele ya watu, ukisema, "Hii ndiyo injini yangu." Miaka zaidi ya kumi injini ilivuta. Ukamwoa Ritah, ambaye mpaka leo hana virusi vya UKIMWI. Apolot akazaliwa mzima. Waliokuchimbia kaburi kwa mdomo, uliwazika wewe.

Kisha mama yako Asekenye akapimwa, ng'ambo ya mpaka, mahali asipojulikana, akakutwa navyo. Akarudi, akakuambia wewe tu.

"Twende kliniki, Mama. Nitakaa na wewe kwenye benchi."

"Benchi gani? Mimi, mkubwa wa akina mama kanisani, wanione pale? Heri nife."

"Sasa ukifa, nani atanigombeza?"

Ulidhani atacheka alegee. Hakulegea. Jioni ile ulikata kidonge chako kwa wembe, ukamwekea nusu kwenye kisosi cha chai. "Ya leo tu, Mama. Kesho twende." Kesho akasema wiki ijayo. Akaipokea nusu ile mpaka mwaka ukaisha, na Jumapili alisimama mbele kuwaombea wagonjwa.

Alidhani nusu ya dawa ni nusu ya uzima. Kumbe haimtoshi yeyote: virusi vinaizoea, na dawa iliyokubeba miaka yote inakosa nguvu. Ulipokonda, daktari alikuuliza kama kuna mtu unamgawia. Ukasema hapana. Mama yako alikuwa ameketi hapo hapo ubavuni mwako, akaangalia viatu vyake. Neno lake moja lingemfanya daktari akubadilishie dawa mapema. Hakulisema, na kifua kikuu hakikungoja.

Sasa anakaa kwenye benchi lile. Anameza kidonge kizima, cha kwake. Amenenepa, Obore. Watu wakimwambia, "Mama, umependeza," hana pa kuuweka uso.

Nanyi mnaosoma tangazo hili la kumbukumbu, chakula gawaneni, dawa hapana. Mama mwenzangu, kama unaogopa macho ya watu, macho hayo hayatakusaidia kumzika mwanao. Nenda ukapange foleni yako mwenyewe.

Unakumbukwa na mama yako Asekenye, mkeo Ritah, ndugu yako Omaido, na Apolot wako, ambaye kila jioni humletea bibi yake chai na kidonge kwenye kisosi kile kile, na kusimama hapo mpaka kimemezwa. Alikuwa hajui kisosi hicho kilibeba nini. Leo atasoma.

Daima tutakukumbuka, mwanangu uliyenimegea kidonge chako, na haya yetu haitatufunga mdomo tena.