Nimeziba Mikono ya Nguo za Mwanangu Asivue Miwani

Shangazi mpendwa, nimekusoma tangu sijaolewa na sikudhani siku moja nitakuandikia, lakini yamenifika shingoni, nisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni fundi cherehani, nina mtoto wa miezi kumi na moja ambaye pale kibandani tunaposhonea wanamwita Kifungo kwa udogo wake, na mwezi uliopita kliniki ya macho walimpima wakasema jicho lake la kushoto halioni vizuri na limeanza kuliachia la kulia kazi yote, kwa hiyo avae miwani tangu anapoamka mpaka anapolala, maana asipovaa sasa huenda jicho lile lisijifunze kuona hata akija kuvalishwa ukubwani.

Siku ya kwanza aliivua mara kumi na tisa, nilihesabu, mara moja akaitupa kwenye ndoo ya vipande vya vitambaa nikaitafuta kipande kwa kipande, na baba yake, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, akasema mwache mtoto, akikua atavaa mwenyewe, naye mama mkwe akacheka akasema mjukuu wangu mmemfanya mwalimu mkuu mstaafu, wakaona yamekwisha. Kwangu hayakwisha, Shangazi, kwa sababu kuna jambo hata mume wangu halijui: mimi nilipewa miwani nikiwa na miaka minne, nikalia kila siku mpaka nyumbani wakanionea huruma wakaifungia kabatini, na leo jicho langu la kushoto linaona ukungu tu, natunga uzi kwa jicho moja, na kila nikimtazama Kifungo naogopa.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilichukua nguo zake zote nikaziba mikono kule mbele, mshono wa mara mbili, vidole visitoke akashika miwani, na wakati wa kumvalisha namjia kwa nyuma kwa sababu akiniona anakwepa. Miwani haivuliwi tena na wateja wananisifu, lakini hii ni wiki ya pili na mtoto ameacha kutambaa, nikimpa kijiko anakitazama tu, na jana nilipofungua kasha la miwani likalia ta, aliinamisha uso sakafuni chini ya meza ya kukatia akatulia, hakulia, na kimya kile kimenitisha kuliko kilio chochote. Nikimvua naua jicho lake, nikimwacha hivi naona naua kitu kingine nisichokijua jina. Jumatatu tunarudi kliniki, muuguzi ataniuliza anaendeleaje, na najijua, nitadanganya. Nifanye nini?

Mama Kifungo

*

Mama Kifungo,

Kabla hujaendelea kusoma, chukua wembe wako wa kufumulia ufumue mikono ya nguo zote, pamoja na ile ya kutokea ambayo unajiambia ibaki tu kwa dharura. Nakusubiri.

Haya. Mtoto wa umri huo anaijua dunia kwa vidole. Ulitaka kumwokoa jicho ukamnyang'anya mikono, kisha ukawa unamvizia kwa nyuma kama mwizi wa kuku. Mtu akinifanyia hivyo kila asubuhi, hata mimi na unene wangu utanikuta chini ya meza.

Sasa futa machozi. Hofu yako ina sababu na sikucheki. Sidhani umemharibu, mikono ikiwa huru, nategemea ataanza kushikashika vitu tena. Lakini kimya kile na kule kuacha kutambaa vitaje kliniki hiyo Jumatatu, hata kama atakuwa amechangamka.

Leo mtazame nyuma ya masikio na juu ya pua. Pana alama nyekundu? Wewe fundi unajua nguo ikibana kwapa mteja haivai, atakuletea visingizio tu. Mwanao hana visingizio, anavua. Kliniki warekebishe fremu, na uwaulize kama wana mkanda laini wa kuzungushia kichwani. Usijishonee wako, nakufahamu sasa.

Mvalishe akiwa ameshiba na ameamka vizuri, na papo hapo mpe kitu cha kutazama: vifungo vya rangi ndani ya chupa angavu, kifuniko umekibana kabisa asije akameza. Akivua, usipige kelele wala usimkimbilie. Iweke kando, subiri kidogo, mrudishie. Akivua tena, mrudishie tena. Utachoka, najua. Dakika chache za leo zitakuwa saa nzima, na saa zitakuwa siku, ila usirudi nyuma kwa huruma. Huruma ya kabatini unaijua ilikokufikisha.

Baba yake muulize kama na yeye huchomelea vyuma macho matupu akisubiri kwanza akue. Akimaliza kukohoa, mwambie aje nyumbani na miwani yake ya kazi, aisafishe, aivae mbele ya mtoto. Mama mkwe naye mpe kazi ya kumwimbia mwalimu mkuu wake anapovalishwa. Wanaocheka nao wana mikono ya kusaidia.

Kliniki sema kweli, na ile habari ya mikono uitaje. Na mumeo mwambie leo kuhusu jicho lako. Hofu hii umeibeba peke yako miaka yote, ndiyo maana ikakufikisha kwenye mshono wa mara mbili. Ukifika pale na wewe upimwe. La kwako siwezi kukuahidi kitu, lakini la mtoto bado lina muda.

Mwisho, sikia hili. Kwa wiki mbili, kila mara vitu vilipomjia wazi mwanao, mama yake alikuwa nyuma ya mgongo wake. Kesho kaa sakafuni mbele yake. Mwonyeshe miwani, aishike, ailambe akitaka, utaifuta. Kisha mvalishe polepole, na usiondoke. Amesikia sauti yako miezi kumi na moja, lakini uso wako hajauona sawasawa kwa macho yote mawili. Mwache akutazame.

Shangazi yako