Saa Tisa za Angani

Shufaa, upo? Niko saiba hapa mjini, nakuandikia kwa kompyuta ya kukodi. Mamake Swafiya tumemzika leo, na Badi, kakake, hakumuwahi mamake. Hakumuwahi!

Jana alimpigia dadake simu toka London: "Ningojeni, napanda ndege usiku huu." Swafiya akauliza watu, akaambiwa safari ni ya saa tisa angani. Akawaapia wanaume barazani, "Kabla ya adhuhuri kakangu yuko hapa."

Saa tisa za kufika Nairobi, Shufaa! Nairobi! Ya kuja Mombasa ni ndege nyingine, na leo zote zilijaa, akapata ile ya jioni. Hakuna aliyelifikiria hilo, hata mimi.

Adhuhuri ikapita. Swafiya kalishika jeneza: "Ngojeni, yuaja! Wallahi yuaja!" Wakangoja hadi alasiri. Mjomba wake akamwambia, "Mwanangu, huyo hakupanda. Ungetwambia jioni, tungemngoja hiyo jioni." Wakamtoa kwenda kumzika.

Magharibi yaadhiniwa, Badi huyo mlangoni na begi lake, avua viatu. Swafiya kasimama mbele yake.

Badi akamuuliza, "Mama mumemlaza chumba gani?"