Ng'ombe wa mahari na masomo ya Byukusenge

Mama Adelaïde, nakusalimu kutoka Ngungu, huku mvua imeanza vizuri na maharagwe yamekwisha kuchipuka. Sikuandikii ili unihurumie, maana mimi nalima, nauza sokoni, nalala nimeshiba na watoto wangu wanalala wameshiba, na jina langu ukitaka kuliweka gazetini liweke, mimi ni Gentille binti ya Kabera, sina cha kuficha isipokuwa mambo mawili ambayo nitakuambia hapo chini. Ninachotaka unisaidie ni hesabu ya kulea watoto wawili, kwa sababu hapa kila mtu ananiambia yeye alikwisha kulipa, na wakati wanaambiana hivyo binti yangu yuko karibu kukosa masomo.

Niliolewa na Théophile miaka kumi na minne iliyopita kwa ng'ombe wawili, tukazaa Byukusenge ambaye sasa ana miaka kumi na tatu, na Prince mwenye minane, halafu Théophile akashuka Walikale kutafuta maisha, akapata kazi ya kuendesha lori kule mgodini Bisie, kazi nzuri yenye mshahara wa kila mwezi, na pamoja na mshahara akapata na mwanamke mwingine. Sikumtukana mtu. Nilifunga vyombo vyangu nikarudi na watoto kwa baba yangu, na mwaka huu ni wa tatu.

Sasa wewe unajua kwetu mke akirudi kwao, mume anaweza kudai ng'ombe wake, na baba yangu siku hizo alikuwa hali vizuri kwa wasiwasi. Familia mbili zikakutana uani kwetu, watu wakakaa, pombe ya ndizi ikaletwa, na Théophile akasimama akasema mbele ya wote: "Ngombe zangu musizirudishe. Zibakie hapa kwa Papa Kabera, maziwa yazo njo itakuwa chakula ya batoto. Mimi nimeisha lipa." Watu wakapiga makofi, baba yangu akapiga zaidi ya wote, na mimi pia nikasimama nikasema, "Ninaitika," tena kwa sauti kubwa, kwa sababu sikutaka hata mtu mmoja aende kusema kwamba Gentille anakimbiza franga za mwanaume aliyemwacha. Hata miezi miwili baadaye Théophile alinitumia dola thelathini kwa telefone, na mimi nikazirudisha zote, nikamwandikia kwamba watoto wana ng'ombe wao. Hilo ndilo jambo la kwanza nililokuwa naficha.

Mwaka wa kwanza maziwa yalikuwepo kweli, mmoja wa ng'ombe alizaa ndama jike, Prince akanenepa mashavu, nikajiona nimeshinda. Kisha kaka yangu Manzi akataka kuoa, na kwa kina msichana wakataka ng'ombe, na baba hakufikiri mara mbili, akatoa yule mwenye maziwa pamoja na ndama wake, akabaki yule mzee ambaye hata ukimkamua kutwa hupati kikombe. Na mimi nilikuwa wapi, utaniuliza. Nilikuwa nacheza arusi, Mama Adelaïde, nimevaa kikwembe kipya cha yadi sita ambacho baba alininunulia kwa ajili ya siku ile, na nilijua vizuri kabisa ng'ombe gani ametoka uani. Hilo ndilo la pili. Kile kikwembe sijakivaa tena, kimekunjwa sandukuni.

Byukusenge amemaliza shule ya msingi, amefaulu mtihani wa taifa, wa pili katika darasa lao, na ameandikwa kuingia mwaka wa saba, lakini huko si kama shule ya msingi, wanataka minerval ya kulipia masomo, sare, viatu vyeusi na makaye ya kuandikia, na uandikishaji unafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, masomo yaanze Jumatatu yake. Nikampigia Théophile, nikamwambia atume dola mia moja kila mwezi. Akauliza za kufanya nini, na mimi nikashindwa kumwambia, kwa sababu kweli mia moja nilizitaja kwa hasira, nilisikia huko nyuma mtoto mchanga analia na moyo ukanipanda. Akanijibu: "Gentille, mimi nilisha lipa ngombe mbili. Zile thelathini njo wewe mwenyewe ulinirudishia. Uliza papa yako ngombe ziko wapi."

Nikamwuliza baba. Akasema, "Mahari iko yangu, nilikupa nyumba na shamba. Ule mutoto iko na baba yake." Nikamwuliza Manzi. Akasema, "Unataka nirudishe bibi juu ya makaye?" Na bibi yake mwenyewe, Jeannette, alikuwa amesimama pale na mimba ya miezi sita, mtoto wa watu ambaye hajanikosea chochote, ananisaidia mpaka kupalilia. Nikaona aibu nikaondoka.

Halafu baba, akitaka kutuliza mambo, akamshika Byukusenge kichwa akacheka: "Myaka tatu, ine tu, uyu naye atatuletea zingine." Wote wakacheka. Byukusenge hakucheka. Alinifuata jikoni akaniuliza, "Mama, siku watanioa, ngombe zangu zitalipa masomo ya nani?" Nilikuwa namenya mihogo, nikaendelea kumenya. Mpaka leo sijamjibu.

Niambie basi, nimdai nani, na nidai kiasi gani ambacho ni haki?

Gentille, Ngungu

---

Dada Gentille,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikakuonea huruma, ya pili nikakukasirikia, na sasa nakujibu na yote mawili.

Nianze na kukugombeza ili tumalize. Ulisimama mbele ya familia mbili ukakubali kwa niaba ya watoto jambo ambalo hukuwa na ruhusa ya kulikubali. Chakula cha Byukusenge na Prince si mali yako ya kusamehe. Ukitaka kumwonyesha mwanaume kwamba humhitaji, mwonyeshe kwa mambo yako mwenyewe, usimwonyeshe kwa viatu vya mtoto. Na zile dola thelathini ulizozirudisha zilikuwa za nani? Hazikuwa zako. Ulirudisha sabuni ya Prince ukajisifu. Kiburi hicho nakifahamu, hata mimi nilizaliwa huko kwenu Masisi, na kwetu mwanamke anaweza kubeba gunia zima mgongoni ili tu asiombe msaada kwa jirani. Lakini gunia hili wamebeba watoto.

Basi, nimemaliza. Sasa wengine.

Papa Théophile, najua gazeti hili linafika Walikale, na kama halijafika dada Gentille atakupigia picha ya ukurasa huu akutumie. Wewe ni mtu wa kazi na hukumkimbia mtu, ulisimama ukasema mbele ya watu, na ulituma fedha hata baada ya kusema umelipa, maana yake moyo wako ulijua kwamba hujalipa. Ng'ombe wale uliwatoa ili upewe mke. Ulimpata, mkakaa miaka kumi na moja, mkazaa. Ng'ombe walikwisha kufanya kazi yao. Huwezi kulipa kwa mnyama yuleyule mara mbili, mara moja kwa mke na mara nyingine kwa watoto. Na hata kama wangekuwa uani wote na kutoa maziwa mpaka leo, mtoto hukua, na mwalimu hapokei maziwa. Sheria ya familia ya nchi yetu iko wazi hapo: baba na mama wote wawili wanalea, kila mmoja kwa kadiri ya anachopata, wawe pamoja au wametengana, mahari iwe imerudishwa au imebaki.

Papa Kabera, shikamoo, na unisamehe mimi mtoto wako nikisema. Mahari ni yako, hakuna anayebisha. Lakini siku ile ya kikao hukupewa mahari, ulikuwa umeshapewa zamani. Siku ile uliachiwa ng'ombe ambao ulitakiwa kuwarudisha, na uliachiwa kwa neno moja, kwamba maziwa ni ya watoto. Ulilisikia neno hilo na ulilipigia makofi. Yule ng'ombe na ndama wake walipotoka uani, kuna kitu cha wajukuu wako kilitoka nao.

Dada, usiogope, simaanishi Jeannette arudishwe. Jeannette abaki kwake, azae salama, na Manzi aache kumtanguliza mkewe kila anapoulizwa swali. Manzi hana ng'ombe wa kurudisha, sawa, lakini ana jembe na ana mikono. Mwombe baba yako kipande kimoja cha shamba, mbele ya mama zako wadogo na katekista, kiitwe shamba la masomo, na Manzi akilime yeye mwenyewe kila msimu, apande maharagwe, apalilie, avune, mpaka Byukusenge apate diploma. Mavuno ya hapo ni sare, viatu na makaye. Mtu aliyeoa kwa ng'ombe wa mpwa wake hawezi kulalamika mgongo unauma.

Sasa ile hesabu uliyoniomba. Kaa na daftari, na hasira uiache nje. Andika kwanza kila kitu watoto wawili wanachotumia kwa mwaka mzima, kuanzia chakula mpaka dawa, usiongeze na usipunguze. Halafu weka alama kwenye vile vinavyotoka kwako: maharagwe, mihogo, kuni, nyumba. Maharagwe uyapime kwa murongo, kopo lilelile unalopimia ukiuza sokoni, na uandike bei ya soko, ili mtu asije kusema wewe hutoi kitu. Kufua, kupika, kukesha na mtoto mwenye malaria, hiyo pia iandike, hata kama huna bei yake. Ukimaliza utaona vitu vilivyobaki bila alama ni vile vinavyotaka fedha mkononi: minerval, dispensari, sabuni, chumvi, nguo. Hivyo ndivyo vya Théophile, kwa sababu fedha mkononi anayo yeye, kila mwezi, na wewe unangoja mvua mara mbili kwa mwaka.

Watakuja watu wakuambie mgawane nusu kwa nusu ndiyo haki. Hapana. Nusu ya mtu wa mshahara na nusu ya mtu wa jembe hazilingani hata kidogo. Anayepata zaidi anatoa zaidi, na mwingine anatoa alicho nacho, na wewe unatoa kila siku tangu asubuhi.

Lakini ile mia moja yako uifute. Ulisikia mtoto analia kwenye telefone ukapandisha bei. Mtoto wa Walikale hakuchukua kitu chako, na yeye pia ni wa Théophile na anataka kula. Ukigawa jumla ya mwaka ya vile vya Théophile kwa miezi kumi na miwili, nadhani utafika kwenye dola arobaini hivi, labda hamsini miezi ya shule ikianza, na hizo utaweza kuzieleza moja moja, bila kugugumia. Théophile akikuuliza za kufanya nini, msomee daftari tu. Mtu anayefanya kazi Bisie anajua kusoma orodha.

Atume kwa telefone tarehe moja kila mwezi, na wewe usifute hata ujumbe mmoja. Mkubaliane kwa karatasi, kila mmoja na nakala yake, na muandike humo kwamba kazi yake ikisimama mtakaa tena muipunguze, na mshahara ukipanda mtaiongeza. Akikataa karatasi, nenda na daftari lako kwa kamati ya parokia wamwite. Akikataa na hao, kuna mahakama, tribunal de paix, nayo inaweza kuamuru. Ni mbali, njia ni mbaya, najua matope ya huko. Lakini wewe ni mwanamke uliyerudi kwenu na watoto wawili na vyombo kichwani bila kulia, safari ya siku moja haikushindi.

Na Ijumaa? Ijumaa haingoji Théophile wala mavuno ya Manzi. Fungua sanduku. Kile kikwembe cha yadi sita ambacho hujakivaa tena, kitoe, kiuze sokoni Jumatano, kama ni kipya hukosi mnunuzi kabla ya saa sita. Kitatosha kwa uandikishaji na kwa sehemu ya kwanza ya minerval ukimwomba mkuu wa shule akupokee kwa mafungu. Hujakosa nguo ya kuvaa, dada yangu. Umekosa moyo wa kuivaa hiyo.

Ukitoka shuleni na risiti mkononi, usipitie kwa baba yako wala kwa Manzi. Nenda moja kwa moja kwa Byukusenge, mahali popote alipo, hata kama ni kisimani. Alikuuliza swali jikoni, na kati ya watu wote wa uani kwenu ni yeye peke yake aliyeuliza swali la maana. Mpe risiti aisome mwenyewe, aone jina lake, kisha umjibu: "Mwanangu, wewe huna ngombe. Wewe uko na masomo, na unaanza Jumatatu."

Mama Adelaïde