Sasa Naruhusiwa Kutembea

Dada yangu kipenzi Zuwena,

Nimeolewa, dada! Na Salim, yule binamu yetu wa Nizwa uliyekuwa ukimcheka masikio. Amehamia hapa Ibra, mtaa wetu uleule. Ananichekesha mpaka chai inanimwagikia. Kila alasiri, jua likipoa, ananishika mkono, tunatembea kando ya mitende mpaka kwenye mfereji wa falaji, tunarudi. Nafurahi mpaka naona haya. Halafu nakukumbuka.

Unakumbuka daktari alipokwambia upungue, utembee kila siku, kisukari kisije kukuzidi? Ulinunua raba nyeupe. Ukafika getini tu, Mama akakuita: "Wewe! Mwari anazurura barabarani, anatafuta nini? Watu watasema nini?"

Ukavua raba.

Hata dukani, pua na mdomo na kwetu, tulikwenda kwa gari. Kaka anapiga honi, muuzaji anatuletea soda na biskuti dirishani. Mashangazi wakikuona unahema kwenye ngazi husema, "Mashallah, mtoto kanawiri!" na kukuongezea halwa. Nawe ukininong'oneza, "Nikinawiri zaidi nitapasuka."

Tulicheka, dada. Halafu moyo wako ukasimama, nywele zako hazijaota hata mvi moja.

Njia ni ileile, majirani ni walewale. Wakiniona na Salim wananisalimia, wananiombea watoto. Kumbe barabara haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa inangoja mume. Hilo linaniuma hata ninapocheka.

Na sasa mdogo wetu Rahma ameanza kuhema kwenye ngazi zilezile. Jana nilimfuata nyumbani, nikamvisha raba zako. Zimemkaa sawasawa. Mama akasimama getini.

"Huyo bado mwari! Watu watasema nini?"

"Walisema nini, Mama, tulipomzika Zuwena?"

Akapisha.

Tukaenda watatu, mimi, Rahma na Salim. Rahma akalalamika njia nzima, "Dada, miguu inauma, tumpigie kaka aje na gari!" Nikamwambia alalamike, ila asisimame. Leo tutakwenda tena. Mama bado sijamsamehe; sitakudanganya.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, dada. Huku duniani tulikubania hata njia.

Mdogo wako, bibi harusi