Nduma Zilizoepuliwa Mapema

Mama Wairimu,

Kuna neno nililokutamkia asubuhi ile, limenikwama kooni hadi leo. Nakuandikia nilitapike.

Wewe ndiye uliyenifundisha kupika nduma, magimbi ya kwenu, hapa Habaswein ambapo watu wanajua nyama, wali na maziwa ya ngamia. Walikucheka weee! Mzee Abdi, yule mfugaji wa meza ya mlangoni, aligonga kipande mezani: "Mama, hii ni jiwe ama chakula?" Ukamkaangia kwa samli, ukanyunyiza bizari na pilipili, ukamwekea na chai ya maziwa. Kesho yake alifika hata moto hatujawasha.

"Nduma mbichi ni upupu," uliniambia kila siku. "Itawawasha koo, watasema tumewapa sumu." Nami siku ile, kwa haraka ya wateja, nikaepua mapema. Ukadunga kisu, kikakwama. Ukanitusi mbele ya hoteli nzima, ukarudisha sufuria motoni, ukanifukuza nje nikalete kuni. Nikatoka nikinung'unika: ufe basi.

Nilisema hivyo, Mama. Ufe. Sijafika hata kwenye rundo la kuni, risasi zikaanza.

Nililala kifudifudi nikila mchanga, nikiwasikia wenye bunduki wakiuliza watu wa bara, sisi tusio wenyeji wa huku, wako wapi. Niliporudi ulikuwa chini kando ya jiko, kisu mkononi. Sufuria ilikuwa imetobolewa, maji yamezima moto, yamechanganyika na damu yako hadi mlangoni. Nilipiga ukuta ngumi mpaka ngozi ikabanduka. Wanyama wale! Mwanamke anapika nduma, amewakosea nini?

Mzee Abdi aliingia, akavua shuka lake begani, akakufunika. "Bole, walaal," akaniambia, pole kwa ulimi wake wa Kisomali. Ameniita ndugu, mimi ambaye nimetoka kukuombea kifo. Nikashindwa kumtazama.

Baada ya kukuzika kwenu nilirudi. Gunia lilikuwa pale pale jikoni. Nikashika panga, nikazikatakata nduma zote nikiwazia nyuso za wauaji wako, bila hata kupaka mafuta mikononi. Mikono ikaniwasha, ikavimba, nikasema vizuri, na iwashe. Kisha nikazichemsha mpaka zikalainika. Mzee Abdi alikula, machozi yakimdondokea ndani ya sahani, akaomba nyingine.

Walimu wa bara karibu wote wameondoka. Kaka yangu anapiga simu kila siku, rudi nyumbani, utauawa huko. Nimemkatia.

Mama, sikumaanisha. Hasira zako zilinitoa nje nikapona, na zangu ndizo nilizokuaga nazo. Hilo linanichoma kuliko risasi yoyote. Nisamehe. Kama ulinisikia, nisamehe mara mbili.

Lala, Mama. Nakuahidi jiko lako litawaka kila asubuhi. Na wale wakirudi, watanikuta namenya.

Wako,
Nekesa