Kulwa Doto ni Watoto Wawili

Usangu, Alhamisi, Machi 1976

Kopo la maziwa limekuja moja! Mapacha wamefiwa na mama yao, na karani wa Mbeya ananiletea maziwa ya mtoto mmoja.

Kwanza niliandika barua, nikaeleza kila mtoto na hali yake. Akairudisha: "Nesi, sisi tunasoma fomu tu." Fomu yenyewe ina nafasi moja ya jina. Nikajaza Kulwa Doto, kama Wasukuma wanavyowaita mapacha wao. Yeye akasoma Kulwa, mtoto wa Doto.

Nimechoka mimi. Fomu nyingine mpaka ifike, na hawa watoto...

Nilipomkabidhi bibi yao lile kopo, aliligeuzageuza mkononi, akaniuliza taratibu: "Nesi, sasa mwenye maziwa ni yupi?"