Neno la Siri la Mzee Maduhu

Lusia, acha unachofanya usome hii!

Unamjua Mzee Maduhu, mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji hapa Rwamgasa, asiyemwachia hata mkewe ufunguo wa stoo. Leo asubuhi kapata barua pepe ya "benki", eti athibitishe neno la siri, la sivyo akaunti ya kikundi inafungwa.

Akalituma. AKALITUMA, Lusia!

Kisha akamwonyesha Salome, mweka hazina wao, kwa majivuno kabisa. Salome kutazama anwani, jina la benki limekosewa herufi. Akapigia benki simu kwa namba iliyo kwenye kadi, wakaizuia akaunti palepale. Hela ya kununulia karasha la kusagia mawe imeponea chupuchupu!

"Baba, benki haiombi neno la siri," Salome akamwambia. "Hao ni matapeli."

Mzee akanuna. "Ng'wanawane, mwanangu, mimi sijamwambia mtu. Nimeandika tu."

Nimeandika tu!!! 😭

Subiri. Benki wakampa Salome neno jipya. Mzee akalitaka. Salome akamuuliza la nini.

"Niwatumie wale vijana wa benki, wasije wakahangaika na lile la zamani."